Tabo: Uing'oe Uiuze, au Uiache Ipande Mlima?

Mwenye lori la Canter huku Ngara ambaye injini yake ilitoka kiwandani bila tabo, kisha fundi akamfungia ya mtumba, siku fedha ikimkaba hupiga hesabu moja: kile chuma pembeni ya injini kina bei, na gari lilitembea miaka mingi kabla yake. Akikifungua na kukiuza, ana fedha mkononi na gari bado lipo uani. Hesabu hiyo imesahau kitu kimoja tu, hewa, na kuisahau hewa ukiwa Ngara ni ghali kuliko kuisahau ukiwa Dar es Salaam.

Tuanze mwanzo kabisa. Dizeli peke yake haiungui. Huungua ikikutana na oksijeni, nayo oksijeni huingia ndani ya injini pamoja na hewa ya kawaida. Kilo moja ya dizeli inadai hewa kilo 14.5 hivi ili iungue yote. Lakini ndani ya silinda mafuta hunyunyizwa na kupewa muda mfupi mno wa kuchanganyika, kwa hiyo injini yenye mzigo mzito huhitaji hewa zaidi ya hapo, tuseme kilo 20 kwa kila kilo ya mafuta, ikiwa haitaki kutoa moshi mweusi. Moshi huo ni kaboni, yaani dizeli uliyoilipia kituoni ikatoka kwenye ekzosi kabla ya kumaliza kazi yake.

Kuongeza mafuta ni rahisi: fundi pampu anageuza skrubu. Hewa haina skrubu. Pistoni ikishuka, silinda inajaa kile ilichokikuta nje, basi.

Na nje kuna nini? Tumezoea kuiona hewa kama kitu kisicho na uzito kwa sababu hatuibebi begani. Dar es Salaam, usawa wa bahari, kwenye joto la nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa ina kama kilo 1.16. Presha yake ni kilopaskali 101, na presha hiyo ni uzito wa hewa yote iliyorundikana juu yetu. Ukipanda mlima, sehemu ya rundo hilo unaiacha chini. Kwenye mita 1,500, kimo cha kawaida kwa vilima vya Ngara, presha hushuka hadi 85 hivi, na mita ileile ya ujazo, hata kwenye ubaridi wa nyuzi 22, ina kilo 1.0 tu.

Chukua injini ya 4D33, moja ya zile zilizofungwa kwenye Canter: lita 4.2, silinda nne, haina tabo. Kila silinda huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika injini humeza ujazo wake mara 1,000. Hizo ni lita 4,200 za hewa kwa dakika, tukisamehe kinachopotea kwenye filta na valvu. Dar es Salaam lita hizo zina kilo 4.9, Ngara zina kilo 4.2. Kwa kipimo chetu cha 20 kwa moja, kule pwani injini inaweza kuunguza gramu 245 za dizeli kwa dakika bila moshi mweusi, huku gramu 210. Asilimia 14 ya nguvu imebaki pwani, na hakuna fundi aliyeiiba.

Mwaka 1905 Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza ya kutumia moshi unaotoka kwenye injini kuisukumia injini hiyohiyo hewa, yaani tabo. Mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric akaibeba injini ya ndege, aina ya Liberty, kwa lori hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado, zaidi ya mita 4,200 juu ya bahari. Bila tabo ilitoa nguvu farasi 230. Kwa tabo ilitoa 356, karibu sawa na ilivyokuwa ikitoa bondeni. Moss alikuwa akiidai nguvu iliyopotea njiani. Kazi hiyo ya kudai ndiyo mtu wa Ngara anapaswa kuifikiria kwanza, kabla ya mbwembwe za kupita malori mengine.

Inavyofanya kazi hakuna uchawi. Pale maporomoko ya Rusumo, maji ya Mto Kagera yanashuka na kuzungusha mitambo ya umeme wa megawati 80, unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kinachozungusha gurudumu ni tofauti ya presha kati ya juu na chini. Moshi wa ekzosi nao una presha na joto, maana karibu theluthi ya nishati ya dizeli hutokea huko. Tabo huuwekea moshi huo gurudumu njiani. Kwenye mhimili uleule, upande wa pili, kuna gurudumu jingine linalokamata hewa safi na kuishindilia kwenye silinda. Mhimili unaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando wa oili inayotoka kwenye injini. Ndiyo maana dereva anayezima gari ghafla baada ya kumaliza mpando anaiua tabo: oili inasimama, inakaangwa na chuma kilichowaka, inageuka masizi.

Sasa sehemu ambayo wauzaji huiruka. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na hewa ya moto hutanuka. Tuseme tabo yako inaongeza kilopaskali 50 juu ya zile 85. Presha imepanda kwa karibu asilimia 60. Lakini kwa tabo ya kawaida isiyo na intakula, yaani kipoza hewa, hewa hiyo hutoka ikiwa na joto la nyuzi 86 hivi, na ukipima uzito wake utakuta umeongezeka kwa kama asilimia 30 tu. Nusu ya faida imeliwa na joto. Presha yenyewe haikupungua, na ndiyo inayoisukuma gasketi ya silinda hedi.

Kuirudishia 4D33 hewa ya Dar es Salaam, kilopaskali 20 hadi 25 zinatosha. Kwa geji ya tairi ni PSI 3 hadi 4. Hapo injini inabeba kinachokaribia sana kile ilichoundwa kubeba pwani. Tabo inayosukuma mara nne ya hapo ni habari nyingine. Injini zinazozaliwa na tabo kwa kawaida hupewa pistoni zinazorushiwa oili kwa chini ili zipoe, na hewa haibanwi sana ndani ya silinda. Yako haikupewa hayo.

Kuna kitu tabo haiwezi kukibadilisha, nacho ni deni la mlima. Gari la tani 7 likipanda mita 100 kwenda juu linahitaji megajuli 6.9. Lita ya dizeli ina kama 36, na injini hukupa theluthi yake, 12. Kwa hiyo mpando huo unakula zaidi kidogo ya nusu lita, uwe na tabo usiwe nayo. Tabo inaamua unalipa kwa muda gani, kwa gia ya tatu au kwa gia ya kwanza huku utingo akitembea pembeni na kigingi. Anayeing'oa akitegemea kuokoa mafuta atasikitika, sawa na aliyeifunga kwa tumaini hilohilo.

Kwa hiyo ningeanza na geji ya presha ya tabo kabla ya mnunuzi. Ikisoma kidogo, moshi ukiwa mwepesi, na gari likibeba ndizi na maharage kutoka vilimani hadi barabara kuu ya Lusahunga, ningeiacha. Ikisoma juu sana, au ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwaka ukaona moshi unapumua kwa nguvu, dalili kwamba ringi zimechoka, mambo ni tofauti. Hapo kuishusha presha ni dawa, na kuiuza ni dawa pia, maana hela ya tabo itasaidia kununua ringi.

Lakini kuuza tabo kunakuja na kazi. Aliyeifunga karibu kwa hakika aliongeza mafuta kwenye pampu. Ukiondoa hewa ukaacha mafuta yale, gramu zile 210 zinazoweza kuungua zinapewa wenzao wa ziada wasio na hewa: moshi mweusi, ekzosi nyekundu kwa joto, dizeli inayoosha kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Pampu lazima irudi kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Inatakiwa manifoldi ya zamani, kama haijauzwa chuma chakavu. Bomba la oili lililokuwa likilisha tabo lizibwe vizuri, kwani likifumuka barabarani injini inakauka kwa dakika chache. Jumlisha gharama hizo kwanza, halafu uzitoe kwenye bei. Na mnunuzi anayejua kazi ataushika mhimili kwa vidole na kuutikisa. Ukicheza kiasi cha gurudumu kugusa kuta za nyumba yake, atakupa bei ya chuma.

Akiwa ni mtu wa Dar es Salaam, mwambie ukweli. Yeye hana hewa aliyoipoteza, kwa hiyo kila kilopaskali atakayoipata ni mzigo mpya kwa gasketi yake.