Mtoto Akiumwa na Koo, Kumbuka Moyo Wake

Mama mmoja kutoka upande wa Nyamira alikuja katika kliniki yangu mjini Kisii akiwa na binti yake wa miaka 13. Mtoto huyo alikuwa akihema sana kila alipopanda mlima na mtungi wa maji, na usiku hakuweza kulala bila kuegemezwa kwa mito. Kwa miezi kadhaa alikuwa ametibiwa pumu. Nilipomsikiliza kifuani, nilisikia mvumo usiotoka mapafuni. Picha ya moyo ilionyesha kuwa vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto ilikuwa imeharibika, na damu ilikuwa ikivuja kurudi nyuma.

Nilimwuliza mama huyo ikiwa mtoto aliwahi kuumwa na koo. Akanijibu, "Daktari, ni mtoto yupi asiyeumwa na koo huku kwetu kwenye baridi?"

Wazazi wengi hufikiri hivyo, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kutoka kooni hadi moyoni

Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi na huisha yenyewe. Lakini mengine huletwa na bakteria aitwaye streptokokasi. Mwili hutengeneza askari wa kupigana naye, na kwa baadhi ya watoto askari hao hukosea na kushambulia viungo vya mwili wenyewe. Majuma mawili au matatu baada ya koo kupona, mtoto hupatwa na homa ya baridi yabisi. Magoti, vifundo vya miguu na viwiko huvimba na kuuma kwa zamu, leo hapa, kesho pale. Wengine hurusha mikono na miguu bila kukusudia, hata mwalimu akadhani ni utundu.

Viungo hupona bila kuacha alama, lakini moyo huenda usipone. Kila homa hiyo inaporudi, vali hupata makovu zaidi, hadi zishindwe kufunguka au kufunga sawasawa. Wanaoathiriwa zaidi ni watoto wa miaka 5 hadi 15, hasa wanaoishi kwa msongamano, wakilala wengi katika chumba kimoja nyumbani au katika bweni la shule. Baadhi ya wasichana hugundua kuwa wana ugonjwa huu baada ya kupata mimba, moyo unapozidiwa na kazi.

Utafiti umefunua nini?

Kwa miaka mingi sisi madaktari tulitegemea stetoskopu. Mwaka wa 2007 watafiti walitangaza matokeo ya kuwapima wanafunzi wa Msumbiji na Kambodia kwa mashine ya ultrasaundi. Waligundua wagonjwa karibu mara kumi zaidi ya wale waliotambuliwa kwa kusikilizwa tu. Siku hizi kuna mashine ndogo zinazobebwa mkononi, na huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, wauguzi wamefunzwa kuzitumia kuwapima wanafunzi shuleni.

Lakini kuna faida gani kumgundua mtoto ambaye hana dalili yoyote? Jibu lilipatikana huko huko kaskazini mwa Uganda. Kuanzia mwaka wa 2018, watoto zaidi ya 100,000 walipimwa. Miongoni mwa waliopatikana na dalili za mwanzo kwenye vali, 818 waliingizwa katika utafiti. Nusu yao walidungwa sindano ya penisilini kila baada ya majuma manne kwa miaka miwili. Nusu nyingine hawakudungwa. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2021. Kati ya watoto 399 waliodungwa na kufuatiliwa, ni 3 tu ambao ugonjwa wao ulizidi. Kati ya 400 ambao hawakudungwa, ulizidi kwa 33.

Dawa hiyo si ngeni. Penisilini imekuwa ikitumiwa tangu miaka ya 1940 na bei yake si ya kutisha. Jambo jipya ni uthibitisho kwamba ikianzwa mapema huweza kuilinda vali kabla haijaharibika.

Utafiti mwingine mkubwa, uliofanywa katika nchi 24 na kutangazwa mwaka wa 2022, ulihusu wagonjwa wenye vali zilizoharibika na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Hawa wamo katika hatari ya damu kuganda na kuleta kiharusi. Wale waliotumia wafarini, dawa ya zamani, waliishi zaidi kuliko waliopewa dawa mpya ya rivaroxabani. Kwa hiyo usibadilishe wafarini kwa kusikia sifa za dawa nyingine.

Vali ikiwa imeziba, mara nyingine hupanuliwa kwa kibofu kidogo kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja. Ikiwa imeharibika kabisa, hurekebishwa au kubadilishwa kwa upasuaji. Wakazi wa huku kwetu hawalazimiki kusafiri hadi India; upasuaji wa moyo hufanywa katika hospitali ya Tenwek kule Bomet, na pia Eldoret na Nairobi. Hata hivyo gharama ni kubwa, na mwenye vali ya chuma hutumia wafarini maisha yake yote.

Mzazi afanye nini?

Mtoto akiumwa na koo, akiwa na homa, mafindofindo yenye usaha na tezi za shingo zinazouma, lakini hana kikohozi wala makamasi, mpeleke kituo cha afya. Akitibiwa kwa penisilini kabla ya siku tisa kupita tangu augue, homa ya baridi yabisi huzuilika. Ndimu na asali hutuliza koo lakini haviui bakteria. Kukata kimio hakusaidii, na kwaweza kuleta hatari ya kuvuja damu. Na ikiwa ameandikiwa vidonge vya siku kumi, avimalize vyote, hata kama maumivu yatakwisha siku ya tatu.

Aliyekwisha kuugua homa hiyo asikose sindano yake. Ikiwa moyo haukuguswa, ataendelea kwa miaka isiyopungua 5 au hadi afikishe miaka 21, lolote litakalochelewa. Ikiwa vali imeharibika, aweza kuendelea hadi miaka 40. Mwenye ugonjwa uliokwisha kuwa mkali amwulize daktari wake, kwani kwa baadhi yao vidonge ni salama zaidi kuliko sindano.

Binti yule bado anasubiri upasuaji, na kila baada ya majuma manne huja kudungwa. Mwezi uliopita mama yake alimleta pia mdogo wake wa kiume. Koo lilikuwa limemwuma kwa siku mbili tu.