Somo la Tisa: Namna ya Kumtunza Mtu Mzima Asiyeweza Kujitunza

Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza kumwosha mtoto mchanga na kumlisha. Leo tujifunze jambo ambalo wengi hudhani halina haja ya kufundishwa, nalo ni kumtunza mtu mzima. Mtoto hukua, na kazi yake hupungua mwaka kwa mwaka. Lakini mzee aliyepooza, au mtu aliyepotewa na akili, kazi yake haipungui, na mara nyingi huongezeka. Tena yeye si mtoto. Alifanya kazi, alilea watu, alitoa shauri na likasikiwa. Kwa hiyo haifai kumtunza kama mtoto.

Tazama Koni. Kituo cha umeme cha hapa kwenye mto Lufira kilianza kazi mwaka 1950, miaka 20 baada ya kile cha Mwadingusha. Watu walitoka mbali wakaja kufanya kazi huku na katika viwanda na migodi ya Likasi. Siku zile kazi ilikuja pamoja na nyumba ya kambi na hospitali ya kampuni. Kisha mambo yakabadilika. Katika mpango wa kuondoka kwa hiari ulioanza mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika miji ya Katanga. Wengi wa kizazi kile walio hai ni wazee sasa, na wengine wako mbali na ukoo wao.

Ndipo tunaona mzee amewekwa katika chumba cha nyuma cha parsele, au katika nyumba ya kulelea wazee, na mtu mmoja amechaguliwa kumwangalia, pengine kwa mshahara. Watoto wake husema, “Mzee ana nyumba, ana mtu, basi.” Je, inatosha? Haitoshi. Nyumba yaweza kuwa na bati jipya na sakafu ya sementi, na aliye ndani akawa na kidonda mgongoni ambacho hakuna aliyekiona. Utunzaji haupimwi kwa nyumba. Unapimwa kwa mwili wa yule anayetunzwa, na kwa neno la kinywa chake.

1. ANZA NA HESHIMA

Ukiingia chumbani, bisha hodi kwanza, hata kama mlango ni pazia tu. Mwite kwa jina lake la heshima: Baba, Mama, Kambo. Mwambie unalotaka kufanya kabla ya kumgusa: “Baba, nataka kukuosha mgongo sasa.” Ngoja akubali. Hata asiyeweza kusema huonyesha kwa macho na kwa mkono.

Wakati wa kumwosha, funga mlango, watoto watoke. Funua sehemu unayoiosha tu, na nyingine ifunike kwa kikwembe. Mwulize kama anataka mwanamume au mwanamke amwoshe. Kwetu ni aibu kubwa mzee kuoshwa na mkwe wake, au mama kuoshwa na mwanawe wa kiume. Wengine hukataa kuoga kwa sababu hiyo, na watu husema kwamba ni mkaidi. Yeye si mkaidi. Anaona haya. Tafuta mtu mwingine.

Kile anachoweza kufanya mwenyewe, mwache afanye, hata akikawia. Kama aweza kunawa uso, mpe kitambaa anawe. Mkono usiotumika hukakamaa na kupoteza nguvu.

2. KUOSHA MWILI

Nawa mikono yako kwanza kwa sabuni, kabla ya kumgusa na baada ya kumaliza. Jaribu maji kwa kiwiko cha mkono wako, maana mzee au mtu aliyepooza huenda asisikie moto wa maji, akaungua bila kulia.

Anza na uso, kisha mikono, kifua, mgongo, miguu. Sehemu za siri ziwe mwisho, kwa maji mengine na kitambaa kingine. Mwanamke apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu usiingie katika njia ya mkojo. Kausha vizuri chini ya matiti, kwapani, kwenye mapaja na katikati ya vidole vya miguu.

Miguu ya mwenye ugonjwa wa sukari itazame kila siku, hata nyayo. Yeye aweza kukanyaga msumari asisikie. Usiiweke miguu yake karibu na mbabula ili ipate joto. Tena, mtu yeyote asilale na mbabula ya makala katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa yake huua watu usingizini. Wakati wa baridi, katika mwezi wa sita na wa saba, mwongezee blanketi na soksi.

3. VIDONDA VYA KULALA

Hili ndilo jambo ambalo kwalo utajua upesi kama mtu anatunzwa au ametupwa. Mtu akilala upande mmoja muda mrefu, mfupa hubana nyama juu ya godoro, damu haipiti, na nyama hufa. Kidonda chaweza kuanza kwa saa chache, na kupona kwake ni miezi. Kikifika mfupani chaweza kuua.

Tazama kila siku mahali hapa: mwisho wa mgongo juu ya makalio, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega, na kisogo. Katika ngozi nyeusi usingoje kuona wekundu. Tafuta mahali palipozidi kuwa peusi, au pana rangi ya zambarau, au pana joto, au pamekuwa pagumu kuliko ngozi ya jirani, au panauma.

Kuzuia ni kazi ya mikono, wala si ya fedha. Mgeuze kila saa mbili mchana, na usiku pia kadiri mwuguzi atakavyokuonyesha. Usimkokote juu ya shuka, maana ngozi huchunika; mwinueni watu wawili. Weka mto au kikwembe kilichokunjwa chini ya miguu, visigino visiguse godoro. Shuka likilowa mkojo, libadilishe mara moja. Usisugue mahali palipoanza kubadilika rangi, wala usimkalishe juu ya pete ya nguo au ya mpira, kwa kuwa huzidi kuzuia damu. Kama ngozi imefunguka, mpeleke kwa mwuguzi siku ile ile. Usitie majivu, wala dawa ya meno, wala unga wa vidonge.

4. KINYWA, CHAKULA NA MAJI

Msafishe meno na ulimi asubuhi na jioni. Kinywa kichafu huleta harufu na maumivu, na uchafu wake ukishuka kifuani huleta ugonjwa wa mapafu.

Usimlishe mtu aliyelala. Mwinue akae wima, kidevu kishuke kidogo. Tia kidogo katika kijiko, ngoja ameze, ndipo uongeze. Akikohoa kila mara anapokula, au sauti yake ikawa kama yenye maji, mwambie mwuguzi. Baada ya kula akae nusu saa kabla ya kulala. Bukari iwe laini, sombe itwangwe sana, na samaki atolewe miiba yote. Mpe pia maharagwe au yai, kwa kuwa mwili wenye kidonda unataka chakula cha kujenga nyama.

Wazee wengi hawasikii kiu vizuri. Usingoje aombe maji. Wengine huacha kunywa makusudi, wasimsumbue mtunzaji kwa mkojo. Hili ni jambo la huzuni, na kosa si lake. Ni letu, tulionung’unika mbele yake. Mkojo mweusi wenye harufu kali mara nyingi ni dalili kwamba maji hayatoshi.

5. AKILI IKIBADILIKA GHAFULA

Jana alikujua jina lako, leo hakujui, anapiga kelele usiku. Usiseme amelogwa, wala usiseme yeye ndiye mlozi. Katika nchi yetu wazee wamepigwa na kufukuzwa kwa neno hilo. Akili ya mzee ikibadilika kwa siku moja au mbili, mara nyingi mwili una ugonjwa: malaria, ugonjwa wa mkojo, mapafu, upungufu wa maji, au dawa isiyomfaa. Mlete hospitalini upesi. Wengi hurudiwa na akili zao wakitibiwa.

Usimfunge kwa kamba kitandani wala kumfungia chumbani kwa kufuli. Moto ukitokea, atakimbiliaje?

6. NANI ATARUDI KUTAZAMA?

Wakristo wote wanajua habari ya Msamaria katika Luka sura ya 10. Wengi hukumbuka mafuta na divai. Wachache hukumbuka mwisho wake: alimpeleka yule mtu katika nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kurudi. Hakutosheka na kulipa.

Huko Ubelgiji uko mji uitwao Geel. Tangu miaka mia nyingi, wenyeji wake huwapokea katika nyumba zao watu wazima wenye ugonjwa wa akili, wasio wa ukoo wao, wakala nao na kukaa nao. Karibu na mwaka 1938 watu hao walikuwa zaidi ya 3,000. Leo ni wachache zaidi, lakini desturi ingaliko. Nyumba hizo haziachwi peke yake. Waganga na wauguzi huwatembelea wagonjwa na kuisaidia jamaa iliyowapokea.

Nasi tufanye hivyo. Kama umemwacha mzazi wako katika mikono ya mtu mwingine, mtembelee bila kutoa habari mbele. Inua shuka, tazama mgongo na visigino. Kaa naye peke yake, mwulize: “Unaoshwa na nani? Unakula saa ngapi? Kuna mtu anayekupiga au kukutukana?” Uliza pia fedha zake zinakwenda wapi. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Hakuna ruhusa ya kumtesa mtu kwa kuwa unamlisha.

Lakini mwangalie na mtunzaji. Yeye ageuzaye mtu usiku kucha huchoka, na mchovu hukasirika. Msichana mmoja asiachiwe kazi ya ukoo mzima, tena akose shule. Kanisa ligawe zamu: mama wawili wafue siku ya pili, vijana wachote maji, baba mmoja alale huko usiku wa posho, ili mtunzaji apate usingizi. Kazi hii haihitaji elimu kubwa, inahitaji watu wasioacha.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA

1. Taja mahali sita mwilini panapoanza vidonda vya kulala.
2. Kwa nini hatungoji kuona wekundu katika ngozi nyeusi?
3. Mzee amekataa kuoga siku tatu. Utamwuliza nini?
4. Mama mkongwe ameanza ghafula kusema maneno yasiyoeleweka. Utampeleka wapi, na kwa nini?
5. Katika mtaa wako, ni nani anayetunzwa na mtu mmoja tu? Nani atakwenda kumtazama juma hili, na siku gani?

Swali la tano lijibiwe kwa jina la mtu na jina la siku, kabla hamjaondoka.