Jeli ya Kukarabati Diski za Mgongo: Imefikia Wapi?

Daktari akikwambia "diski imetoka", hana maana kwamba kuna kitu kimechomoka na kinaweza kurudishwa kwa kukandwa. Diski ni mto mdogo unaokaa kati ya pingili mbili za uti wa mgongo, na mtu mzima anazo 23. Ukingo wake ni mgumu, umefumwa kwa nyuzi kama kiondo. Katikati kuna ute mzito, ambao kwa kijana zaidi ya robo tatu yake ni maji. Ute huo ndio unaopokea uzito unapoinua mtungi au gunia.

Shida ni kwamba mishipa ya damu haifiki ndani ya diski. Lishe huipata polepole, kwa kupenya kutoka kwenye mifupa ya juu na chini yake. Ndiyo maana kidonda cha mkono hupona kwa siku chache, lakini diski iliyochakaa haijijengi upya. Kadiri umri unavyosonga ute hukauka, ukingo hupasuka, na wakati mwingine ute husukumwa nje ukabana neva. Hapo maumivu hushuka kutoka kiunoni hadi mguuni.

Kwa baadhi ya wagonjwa, upasuaji huondoa kipande kinachobana. Mguu hupata nafuu, lakini shimo hubaki ndani ya diski, na ute mwingine unaweza kutoka tena. Shimo hilo ndilo watafiti wanataka kuliziba kwa hidrojeli.

Hidrojeli si kitu kigeni nyumbani. Chembe zinazonyonya mkojo ndani ya nepi za kutupwa hugeuka hidrojeli, na lenzi laini za macho ni hidrojeli pia. Ni wavu wa molekuli unaoshika maji yasitiririke. Katika Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, wataalamu wametumia jeli ya aljineti itokayo kwenye mwani. Huwekwa ndani ya shimo baada ya upasuaji, kisha madini ya kalsiamu huifanya igande kwa dakika chache. Kampuni ya Marekani, ReGelTec, ina jeli iitwayo Hydrafil inayodungwa ikiwa imepashwa moto, kisha hukaza inapopoa mwilini. Zote mbili zimejaribiwa kwa wagonjwa.

Kazi haijawa rahisi. Jeli laini mno hubanwa ikatokea kwenye ufa ule ule. Ngumu kupita kiasi huumiza mifupa. Vijidudu navyo vikiingia na sindano, diski isiyo na damu hupambana navyo kwa shida.

Kwa hivyo, mtu akikuuzia "sindano ya kujenga diski" leo, usikimbilie kuuza ng'ombe wala kuchukua mkopo wa chama. Uliza kama dawa hiyo imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na kama daktari yumo katika orodha ya baraza la madaktari. Ukiambiwa ni utafiti, omba fomu ya ridhaa uisome, au usomewe kwa lugha unayoielewa. Tusichanganye na sindano za steroidi ambazo hospitali hutoa: hizo hupunguza uvimbe na maumivu kwa muda, hazikarabati diski.

Habari njema, ambayo haina biashara ndani yake, ni kwamba maumivu ya diski kwa watu wengi hupungua ndani ya wiki au miezi michache bila upasuaji. Kulala kitandani siku nzima hudhoofisha misuli. Tembea kadiri unavyoweza, na umwone mtaalamu wa fiziotherapia. Mgongo ukiuma pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, nenda upimwe, kwani kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo pia.

Ukishindwa kukojoa au kuzuia choo, ukifa ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au miguu ikipoteza nguvu ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Neva zikibanwa hivyo kwa muda mrefu, huenda zisirudi.