SOMO LA AFYA: Damu ya Masaka na vidonge vyetu vya Coartem

Leo hatutazungumza juu ya kufunga neti wala kufukia madimbwi, hayo mmeyasikia kwetu mara nyingi. Leo tutajifunza juu ya utafiti uliofanyika Masaka, wilaya ya Kicukiro, ndani ya Jiji la Kigali, na namna unavyohusu vidonge vya Coartem ambavyo karibu kila nyumba hapa Mahama imekwisha kuvitumia.

Nimechagua somo hili kwa sababu ya maneno mawili ninayoyasikia nikipita nyumba kwa nyumba. La kwanza ni hili: "Coartem imekwisha nguvu, hata wataalamu wamesema." La pili: "Wanatutoa damu wakaiuze." Hilo la pili nitalijibu mwishoni. Hilo la kwanza lina chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo sababu ni la hatari kuliko uongo mtupu.

Sisi tuliotoka Gihembe jambo hili linatugusa zaidi. Gihembe ni mlimani, kuna baridi, na malaria haikuwa ugonjwa wa kila wiki. Kambi ile ilipofungwa mwaka 2021 tukaletwa huku Kirehe, bondeni, karibu na mto Akagera, kwenye joto na mbu. Ndugu zetu Warundi waliofika Mahama tangu mwaka 2015 walikuwa wameshaizoea hali hii. Kwetu, watoto wengi waliugua malaria yao ya kwanza hapa. Kwa hiyo swali la kama dawa inaponya au haiponyi, kwetu si la darasani.

Tuanze na historia kidogo. Wazee wetu wa Masisi na Rutshuru wanaikumbuka klorokwini, wengi wanaiita Nivaquine. Ilikuwa dawa rahisi na ilitibu vizuri kwa miaka mingi. Lakini vimelea vya malaria viliizoea, kwanza Asia na Amerika ya Kusini mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Dawa iliendelea kutolewa hata pale ilipokuwa haiponyi tena, na watoto wengi wa Afrika walikufa katika kipindi hicho huku wakiwa wamemeza dawa. Rwanda iliiacha mwaka 2001, ikaweka amodiakwini pamoja na Fansidar. Hizo nazo hazikudumu. Mwaka 2006 ndipo Coartem ikawa dawa ya kwanza ya malaria ya kawaida.

Coartem ni dawa mbili katika kidonge kimoja: artemeta na lumefantrini. Artemeta inatokana na mmea wa artemisia. Mwanasayansi wa Kichina, mama Tu Youyou, na wenzake ndio waliopata kiini chake mwaka 1972, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobeli. Artemeta inaua vimelea vingi sana kwa saa chache, kisha inatoka mwilini upesi. Lumefantrini ina mwendo wa polepole, inabaki kwenye damu siku kadhaa ikimalizia vilivyosalia. Ni kama watu wawili wanaolima shamba lenye sangari. Mmoja anapita na jembe kwa nguvu, mwingine anafuata nyuma akiokota mizizi. Ukimwacha yule wa jembe peke yake, baada ya mvua mbili majani yamerudi.

Sasa twende Masaka. Watu wengi wanafikiri utafiti wa dawa ni kujaribu dawa mpya kwa watu maskini. Upo utafiti wa dawa mpya, na una sheria zake, lakini huu wa Masaka haukuwa huo. Hapa ilipimwa dawa ile ile inayotumika kila siku, ili kujua kama bado inafanya kazi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linazitaka nchi zenye malaria zifanye hivyo mara kwa mara, kwa sababu ya yale yaliyotokea kwa klorokwini.

Unavyofanyika ni hivi. Mgonjwa anafika kituoni ana homa, anapimwa, anakutwa na malaria isiyo kali. Akikubali kushiriki, au mzazi akikubali kwa ajili ya mtoto, anapewa Coartem na mhudumu anamwona akimeza. Siku hiyo inaitwa siku ya sifuri. Halafu anapimwa tena siku ya 1, ya 2, ya 3, ya 7, ya 14, ya 21 na ya 28. Kila mara ni tone la damu ya kidole kwenye kioo, linatazamwa kwa darubini na vimelea vinahesabiwa. Matone machache hukaushwa kwenye karatasi maalumu ili baadaye maabara isome chembe za urithi za kimelea chenyewe.

Kwa nini siku ya tatu inatazamwa sana? Kwa sababu artemeta ikiwa na nguvu zake zote, baada ya siku tatu damu ya karibu kila mgonjwa inakuwa safi. Vimelea vikionekana bado siku hiyo kwa wagonjwa wengi, ujue yule mtu wa jembe ameanza kuchoka. Na kwa nini wanasubiri hadi siku ya 28? Kwa sababu malaria inaweza kujificha kidogo mno isionekane, kisha ikapanda tena wiki ya pili au ya tatu. Hapo inatokea shida nyingine. Mtu akikutwa na malaria siku ya 21, huenda ni ile ya kwanza iliyobaki, au huenda ameumwa na mbu mpya juzi. Kwa macho huwezi kutofautisha. Ndipo zile karatasi za damu zinaposaidia: kimelea cha siku ya sifuri kinalinganishwa na kile cha siku ya 21, na maabara inasema kama ni kile kile au ni mgeni. Nilipokuwa sekondari tulisoma urithi kwa mbegu za njegere tu, sikujua kwamba jambo lile lile lingeweza kueleza homa ya mtoto wa jirani.

Mwezi wa Agosti 2020, Dk. Aline Uwimana wa RBC, taasisi ya afya iliyo chini ya Wizara ya Afya ya Rwanda, pamoja na wenzake wa nchi mbalimbali, walitangaza walichokiona katika damu iliyokusanywa Rwanda kati ya mwaka 2012 na 2015. Masaka, wagonjwa 19 kati ya 257 walikuwa na kimelea chenye badiliko la urithi lililopewa jina R561H. Badiliko hilo lilikuwa limeshajulikana huko Asia ya Kusini-Mashariki, kwamba linakipa kimelea uwezo wa kuvumilia dawa za jamii ya artemeta.

Hapa naomba msome polepole. Watafiti walilinganisha kimelea cha Masaka na vile vya Asia, wakakuta si ndugu. Hakikuletwa na ndege wala na msafiri. Kilibadilika hapa hapa, kikazaana hapa hapa. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kusikia mtu sokoni akisema malaria sugu imeletwa na wakimbizi. Damu haikusema hivyo.

Utafiti mwingine ulifanyika mwaka 2018, kwa watoto wa Masaka, wa Rukara katika wilaya ya Kayonza, na wa Bugarama kule Rusizi. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Masaka na Rukara, zaidi ya watoto 10 katika kila 100 walikuwa bado na vimelea siku ya tatu. Hiyo ndiyo chembe ya ukweli niliyoitaja mwanzoni. Lakini wale wanaolibeba neno hili hawafiki mwisho wa habari: ilipofika siku ya 28, zaidi ya watoto 90 katika kila 100, katika vituo vyote vitatu, malaria yao ilikuwa imepona. Jembe limechoka kidogo, ila mwokota mizizi bado yuko kazini. Kwa hiyo mtu akikuambia Coartem haiponyi, mwambie inaponya, ila sasa inachelewa kwa baadhi ya wagonjwa, na haina tena nafasi ya kuchezewa.

Tatizo hili si la Rwanda peke yake. Mwaka 2021 watafiti walieleza kuona vimelea vya aina hiyo, vyenye mabadiliko mengine, Gulu kaskazini mwa Uganda. Na R561H ile ile imeonekana mkoa wa Kagera, Tanzania, hasa Karagwe, katika damu iliyochukuliwa mwaka 2021. Kagera ni ng'ambo ya mto tu, ukisimama mahali pa juu hapa Mahama unaiona. Hofu ya wataalamu ni kwamba dawa ya pili nayo ikichoka, wagonjwa wataanza kushindwa kupona, kama ilivyotokea Kambodia katika miaka ya 2010 kwa mchanganyiko mwingine wa dawa. Ndiyo maana Novemba 2022 WHO ilitoa mpango maalumu kwa ajili ya Afrika, na moja ya mashauri yake ni nchi kutumia mchanganyiko zaidi ya mmoja ili vimelea visizoee ule mmoja. Usishangae siku moja ukipewa vidonge vyenye jina usilolijua. Uliza vinamezwaje, halafu vimeze.

Nitatoa mfano mmoja wa hapa kwetu. Mama mmoja, sitamtaja, mtoto wake mkubwa alipewa Coartem ya siku tatu. Siku ya pili jioni mtoto anacheza mpira. Mama akaweka vidonge vilivyobaki kwenye kopo la maziwa. Wiki iliyofuata mdogo wake akashikwa na homa usiku, mvua inanyesha, mama yuko peke yake na watoto wanne. Akampa vile vya kwenye kopo. Nilipofika asubuhi mtoto alikuwa ameanza degedege. Tulimbeba, akachomwa sindano za artesuneti, akapona. Baada ya siku chache yule mkubwa naye homa ikarudi. Mama alilia akisema, "Mwanangu, mimi nilidhani natunza." Sikumlaumu. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba mtoto kucheza mpira siku ya pili ni kazi ya artemeta, na kwamba vile vidonge vya mwisho ndivyo vinavyoitia mwilini lumefantrini ya kutosha kumalizia. Dawa ikiwa pungufu, vimelea dhaifu vinakufa na vile vivumilivu vinabaki, mbu anakuja, anavibeba, anampelekea jirani.

Basi hesabu ya vidonge ni hii. Dozi ni mara sita kwa siku tatu. Mwenye kilo 5 hadi 14 anameza kidonge 1 kila mara, kilo 15 hadi 24 vidonge 2, kilo 25 hadi 34 vidonge 3, kilo 35 na zaidi vidonge 4, yaani mtu mzima anamaliza 24. Mara ya pili ni baada ya saa 8 tangu ile ya kwanza, watu wengi wanakosea hapa kwa kungoja hadi kesho. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni. Meza baada ya kula, na chakula kiwe na mafuta kidogo au maziwa, kwa sababu lumefantrini haiingii vizuri mwilini kwenye tumbo tupu. Najua si kila siku mafuta yapo. Hata uji wenye karanga unasaidia. Mtoto akitapika kabla ya saa moja kupita, apewe dozi ile tena, na uje kwetu kuomba ya kufidia. Homa ikiwepo bado siku ya tatu, au ikirudi ndani ya mwezi mmoja, rudini kupimwa na mseme wazi mlimeza dawa lini. Degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya au kupoteza fahamu havingojei asubuhi.

Wengine wananiuliza kuhusu chai ya artemisia, kwa kuwa dawa imetoka kwenye mmea huo. Mwaka 2019 WHO ilisema haiungi mkono majani hayo kutibu malaria. Kiasi cha dawa ndani ya chai ni kidogo na hakilingani kikombe hadi kikombe, na hakuna lumefantrini ndani yake. Ni jembe butu bila mwokota mizizi.

Sasa lile swali la damu. Anayefanya utafiti anapaswa kwanza kukueleza, kwa lugha unayoielewa, anatafuta nini, atachukua damu kiasi gani na mara ngapi, na kuna hatari gani. Asiyejua kusoma ana haki ya kusomewa mbele ya shahidi anayemwamini. Utafiti uwe umepitishwa na kamati ya maadili, na unaweza kuuliza ni kamati gani. Damu inaandikwa namba badala ya jina. Katika utafiti kama wa Masaka ni matone ya kidole, hayajazi hata kijiko kimoja cha chai, hakuna wa kuyanunua. Unaweza kukubali leo na kujitoa wiki ijayo bila kueleza sababu. Na ukikataa tangu mwanzo, mtoto wako anatibiwa siku ile ile, kwa dawa ile ile anayopewa mtoto wa aliyekubali. Mtu yeyote akikuambia vinginevyo hapa kambini, mlete kwetu au utuambie jina lake.