Dondoo muhimu: Nguo inayomkaa

Mwanamke aliyebadili jinsia anayenunua nguo Bladensburg, Maryland, haombi hisani: tangu Oktoba 2014 sheria ya jimbo inakataza maduka kumbagua mteja kwa utambulisho wake wa kijinsia.

Viatu ndivyo huwatoa wengi jasho. Namba za kike Marekani huzidi za kiume kwa moja na nusu hivi, kwa hiyo aliyezoea 9 ya kiume aanze na 10.5, atembee navyo dukani kabla ya kulipa.

Gauni lipimwe mabegani kwanza. Kiuno kikipwaya fundi atakipunguza. Mabega yakibana, hata fundi hodari atahangaika. Shingo ya V na sketi pana kwa chini huyapunguzia mabega ukubwa, kwa anayetaka. Wengine hupenda jinzi na fulana tu, na wanapendeza.