Mambo Mapya Kutoka kwa Mambo ya Kale: Habari za Urusi

Muhula huu katika chama chetu cha majadiliano ilitolewa hoja hii: "Mahali pa mila za wazee ni nyumba ya makumbusho." Mimi nilikuwa upande wa kupinga, nasi tulishindwa vibaya. Tulishindwa kwa kuwa tulikuwa na maneno makubwa bila mifano, hali msemaji wa upande wa pili alikuwa na mfano mmoja mzuri. Alisimama akaeleza habari za yule mwanasesere wa Kirusi aitwaye matryoshka, ambaye ni wa mti, na tumboni mwake mna mwenzake, na tumboni mwa huyo mna mwingine, hata unamfikia mdogo kama punje ya haragwe. Alisema kwamba huyu ni urithi wa kale wa Warusi, nao wamemtunza bila kumgeuza, na kwamba ndivyo mila zinavyopasa kuwekwa. Makofi yakapigwa sana.

Baada ya hapo nilikwenda maktaba kumtafuta huyo mwanasesere. Kumbe hakuwa wa kale hata kidogo! Alizaliwa katika miaka ya 1890, katika karakana moja ya mji wa Moscow. Fundi Vasily Zvyozdochkin alimkereza, na mchoraji Sergey Malyutin akampaka rangi, akamvika kitambaa cha kichwani na vazi la mwanamke wa shamba. Husimuliwa hata kwamba wazo lao lilitokana na mwanasesere wa Kijapani. Mwaka 1900 alipelekwa kwenye Maonyesho ya Dunia mjini Paris, akapata medali. Kwa hiyo "urithi wa kale" huo umri wake ni mdogo kuliko wa taa ya umeme. Kilichokuwa cha kale ni mikono: kwa vizazi vingi wakulima wa Urusi walikuwa wakichonga na kupamba vitu vya mti katika miezi ya baridi, wakati mashamba yamefunikwa na theluji. Mafundi wale wa Moscow walichukua kazi ya wazee wakafanya kitu ambacho wazee hawakupata kukiona.

Nilipojua hayo nilitamani kufahamu kama Warusi wa siku hizi bado wanafanya vivyo hivyo. Nimepata mahali patatu, na napenda kuwaeleza.

Mahali pa kwanza ni mji wa Kolomna, ulio yapata kilomita 110 kutoka Moscow, pale mto Moskva unapoingia katika mto Oka. Mji huu zamani ulisifika kwa kitamu kiitwacho pastila. Matufaha machachu huokwa, huchujwa yakawa kama uji mzito, kisha uji huo hupigwa pamoja na ute mweupe wa mayai na sukari au asali mpaka unaumuka na kuwa mweupe. Halafu hutandazwa na kukaushwa polepole kwa moto mdogo. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 biashara za matajiri wa mji zilikwisha, na pastila ya Kolomna ikapotea pamoja nazo. Mwaka 2009 wanawake wawili, Natalya Nikitina na Elena Dmitrieva, walifungua mjini humo nyumba waliyoiita Makumbusho ya Ladha Iliyopotea, baada ya kutafuta tena namna ya kukitengeneza kitamu hicho. Mwaka 2011 ukafuata mtambo mdogo wa kukitengeneza, ambao wageni huweza kuingia na kutazama kazi.

Upande wa pili watasema: "Unaona, hata hiyo ni makumbusho!" Ni kweli, na wenyeji wanaowapokea wageni huvaa mavazi ya karne ya 19, jambo ambalo mimi naliona kama mchezo wa kuigiza kidogo. Lakini makumbusho gani ambayo mtu hula kilichowekwa humo, kisha kesho kikapikwa kingine?

Mahali pa pili ni kijiji cha Nikola-Lenivets, katika jimbo la Kaluga, karibu kilomita 200 kutoka Moscow, kando ya mto Ugra. Wanaosoma Historia wataupenda mto huo. Mwaka 1480 jeshi la Moscow na jeshi la Watatari wa Khan Akhmat yalisimama huku na huku ya mto, yakitazamana kwa majuma, mpaka mwisho Watatari wakageuka wakaenda zao. Warusi hukuita huko Kusimama kwa Ugra.

Shamba la ushirika la mahali hapo lilikufa pamoja na utawala wa Kisovieti, na wanaume waliosalia hawakuwa na kazi. Mchoraji mmoja, Nikolay Polissky, alikuwa amehamia huko tangu mwaka 1989. Alichora picha za mandhari kwa miaka kumi hivi, kisha akachoka na picha. Katika baridi ya mwaka 2000 aliwaita wanakijiji wakafinyanga watu wa theluji zaidi ya 200, wakawapanga kwenye mteremko juu ya mto kama jeshi. Theluji ilipoyeyuka jeshi nalo likaisha. Kiangazi kilipofika wakajenga mnara mkubwa wa nyasi kavu, na mwaka uliofuata mnara wa kuni. Mwaka 2004 wakasimamisha kando ya mto mnara wa matawi ya miti, wakauita Mnara wa Taa, ingawa hakuna meli inayopita hapo.

Naomba msomaji aangalie vitu hivyo vilivyotumika: theluji, nyasi, kuni, matawi. Kila mkulima wa Urusi hujua kufyeka nyasi na kuzirundika zisinyeshewe zikaoza, na hujua kupanga kuni zisianguke. Polissky hakuwafundisha hayo. Wao ndio waliomfundisha yeye. Yeye alileta wazo la umbo tu. Waliokuwa hawana kazi wakawa mafundi wa sanaa, na mwaka 2008 kazi zao zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya ujenzi mjini Venice, Italia. Tangu mwaka 2006 hufanyika hapo tamasha la wasanifu wa majengo liitwalo Archstoyanie, na jina hilo limechezea lile Kusimama la mwaka 1480.

Tena, kila mwaka kabla ya Kwaresima Warusi wana juma la sherehe liitwalo Maslenitsa. Hula chapati nyembamba zenye siagi, na mwisho huchoma sanamu ya majani makavu, yaani wanauchoma msimu wa baridi wauage. Huko Nikola-Lenivets hujengwa kitu kikubwa cha mbao na kuchomwa. Mwaka 2018 kilichojengwa kilifanana na kanisa kuu la Ulaya ya zamani, na kilipowaka Wakristo wengi waliudhika. Polissky alisema halikuwa kanisa. Mimi niliziona picha zake, nami ningedhani ni kanisa. Huko naona alipotea njia kidogo, maana sherehe ni ya watu wote, na mtu anayeibadili hana budi kufikiri namna jirani yake atakavyoitazama.

Mahali pa tatu ndipo paliponishika kuliko pengine pote. Ni kijiji cha Buranovo, karibu na mji wa Izhevsk, katika Jamhuri ya Udmurtia iliyomo ndani ya Urusi. Wenyeji wake ni Waudmurti. Lugha yao haina udugu na Kirusi. Ndugu zake wa mbali ni Kifini na Kihungari, ingawa huandikwa kwa herufi za Kirusi na kuongezewa herufi tano za kwake.

Katika kijiji hicho kulikuwa na kikundi cha wanawake wazee waliokuwa wakiimba nyimbo za kwao. Kiongozi wao, Olga Tuktaryova, alitafsiri katika Kiudmurti nyimbo za vijana, kama zile za Viktor Tsoi wa Urusi na za Beatles wa Uingereza, na wazee wakaziimba kwa sauti zao za shambani, wamevaa mavazi yao ya asili na viatu vya kusukwa kwa magome ya miti. Watu walicheka kwanza, kisha wakanyamaza wakasikiliza. Mwaka 2012 walichaguliwa kuiwakilisha Urusi katika mashindano ya nyimbo ya Eurovision mjini Baku, Azerbaijan. Sheria huruhusu watu sita tu jukwaani, basi wakapanda sita, na jiko la kuokea likawekwa katikati yao. Waliimba Kiudmurti na Kiingereza kidogo. Nchi 26 zilifika fainali, nao wakawa wa pili nyuma ya Sweden.

Walipoulizwa fedha wangezifanyia nini, walisema wanataka kanisa. Kanisa la zamani la kijiji liliharibiwa wakati wa Kisovieti. Hawakuomba nyumba wala magari. Kanisa jipya likajengwa Buranovo.

Ningeweza kuishia hapo, na wasomaji wangefurahi, lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 2014 ilitokea kwamba haki ya jina la kikundi, Buranovskiye Babushki, yaani Mabibi wa Buranovo, haikuwa mikononi mwa mabibi wenyewe, bali mikononi mwa wasimamizi wao wa muziki. Wasimamizi hao wakaweka wanawake wengine waimbe kwa jina lilelile. Hebu fikiri! Wimbo ni wa kwao, vazi ni la kwao, kijiji ni cha kwao, na jina la kijiji liko katika karatasi ya mtu mwingine.

Na lugha je? Katika hesabu ya watu ya mwaka 2002 Waudmurti walikuwa karibu 637,000. Katika ile ya mwaka 2021 walikuwa yapata 386,000. Watoto wengi hukua wakisema Kirusi tu, na tangu mwaka 2018 sheria imefanya somo la lugha kama hizo shuleni kuwa la hiari, mpaka mzazi aombe. Wimbo mmoja wa Baku haukuizuia hesabu hiyo isishuke. Nilipoisoma nilimkumbuka bibi yangu, ambaye huniambia jambo kwa lugha yake nami humjibu kwa Kiswahili, na sisi sote wawili tumezoea.

Kwa hiyo nakiri kwamba mwenzangu hakukosa kabisa. Makumbusho huandika jina la kitu na la mwenyewe, na hapana mtu awezaye kuliondoa kwa urahisi. Jukwaa halina ulinzi huo. Lakini Kiudmurti cha makumbusho kingesikiwa na nani huko Baku?

Wale mabibi wa asili hawakunyamaza. Walipokosa jina waligeuza maneno kidogo, wakajiita Mabibi kutoka Buranovo, wakaendelea kuimba. Hoja yetu itarudiwa muhula ujao, nami nimekwisha mwomba katibu wa chama nafasi ya kusema kwanza.