Nyumba ya bei nafuu: Ijue kasoro ya mahali kabla hujatoa fedha



Ndugu msomaji, wengi wetu tunaopanga vyumba hapa Dar es Salaam tuna dua moja: kuondokana na kodi ya miezi sita sita. Lakini mwalimu kama mimi, ninayefundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu sekondari, hanunui nyumba anayoitaka, hununua anayoiweza. Na nyumba anayoiweza haikosi kasoro, hasa ya mahali ilipo. Kwa hiyo swali si wapi utapata nyumba isiyo na kasoro. Swali ni kasoro hiyo ni ya namna gani, na ni nani katika familia atakayeibeba.

Mwaka 2022 mimi na mke wangu tulikuwa na shilingi milioni 28. Ilikuwa akiba ya miaka minane, pamoja na fedha za mchezo wa kina mama aliokuwa akicheza yeye. Mkopo wa riba hatukuutaka, hivyo hapakuwa na pa kuongezea. Tukikosea mara moja, zimekwisha.

Nafaka iliyolowa

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya milioni 26, vyumba vitatu, msikiti hatua chache na daladala mlangoni. Ilikuwa kando ya kijito kinachoingia Mto Msimbazi. Dalali alinipeleka mwezi wa Januari, jua kali, kijito kimekauka. Rangi ya ukutani ilikuwa mpya, lakini kwa chini tu, mpaka usawa wa goti. Nilikuwa tayari kutoa kishika uchumba.

Wakati natoka nikamwamkia bibi mmoja wa nyumba ya pili. Akaniitikia marahaba, akanitazama, akasema: "Mwanangu, rudi wakati wa masika, ndipo uamue." Hakuongeza neno. Nilirudi mwezi wa Aprili, nikakuta godoro limeanikwa juu ya bati na mama mwenye nyumba anachota maji sebuleni kwa ndoo.

Hapo nilikumbuka hadithi ninayowafundisha wanafunzi wangu kila mwaka, aliyoipokea Abu Huraira (R.A.) na kuitoa Imam Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Muuzaji alipojitetea kuwa ni mvua, Mtume alimuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, na akakemea vikali udanganyifu. Ndugu zangu, ile rangi ya usawa wa goti ilikuwa nafaka kavu iliyowekwa juu ya iliyolowa.

Wanazuoni wa fiqhi wanasema muuzaji anawajibika kuidhihirisha kasoro anayoijua, na mnunuzi aliyefichwa ana khiyari ya kurudisha. Naam, hiyo ndiyo haki. Lakini nani atarudishiwa milioni 26 ambazo muuzaji ameshajengea kwingine? Haki yako usiiache, ila tia mkono wako ndani ya rundo kabla ya kulipa.

Na kasoro ya bonde si ya maji peke yake. Mafuriko ya Disemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 hapa jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Maana yake, hata ukiinua msingi kwa mawe, unaweza kuyashinda maji ukashindwa na sheria.

Nyumba ya pili ilikuwa pembeni ya barabara kuu, yenye fremu mbili za duka. Dalali akasema, "Ustadh, hapa kodi ya fremu itakulisha." Bei ilikuwa ya chini mno kwa eneo lile. Bei ikiwa hivyo, jiulize muuzaji anakimbia nini. Kwa kawaida hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, lakini ziko barabara ambazo hifadhi yake ni pana zaidi. Tunakumbuka mwaka 2017, baina ya Kimara na Kiluvya, nyumba nyingi zilivyobomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, kwa hoja kuwa zimo ndani ya hifadhi. Nilipima kwa hatua zangu mwenyewe, nikaaga.

Nyayo za Banu Salima

Ya tatu ilikuwa Chanika, milioni 23. Ni mlimani, ardhi kavu, mpaka unajulikana. Kasoro zake zilikuwa wazi kama mchana: mbali, vumbi, magari mawili kufika kazini, na maji ya kununua kwa dumu.

Kuna hadithi nyingine inayofaa hapa. Banu Salima, watu wa pembezoni mwa Madina, walitaka kuhamia karibu na msikiti wa Mtume (S.A.W.). Aliwaambia wabaki katika majumba yao, kwani nyayo zao zinaandikwa. Funzo nililolipata ni kuwa umbali ni mzigo, lakini si uharibifu. Ni kasoro ya kubebwa kwa subira na kwa hesabu. Bonde na hifadhi ya barabara havibebeki. Siku moja vinachukua nyumba yote.

Basi nikapiga hesabu. Nauli ya ziada ilikuwa shilingi 3,000 kwa siku. Kwa siku 22 ni 66,000, kwa miezi kumi ya masomo ni 660,000, na kwa miaka kumi ni milioni 6.6. Nyumba ya milioni 23 kumbe ni ya karibu milioni 30, ila hizo za ziada nazilipa kidogo kidogo.

Nani ataibeba?

Nilijiona nimemaliza hesabu. Mke wangu akaniuliza swali moja: "Nauli utalipa wewe. Je, maji atachota nani?" Nilinyamaza. Katika hesabu yangu yote nilikuwa nimeandika safari yangu tu. Ndoo zake sikuziandika, wala binti yetu wa darasa la tatu ambaye angetoka kabla ya alfajiri kugombania daladala.

Ndugu zangu wanaume, hapa ndipo tunapokosea wengi. Baba huchagua mahali, kisha huondoka asubuhi na kurudi usiku. Wanaokaa na kasoro ni mama na watoto. Washaurini kabla ya kulipa.

Tulinunua Chanika, lakini kwa makubaliano. Milioni tatu zilitengwa kwa tangi la maji na bomba za kuvunia mvua ya bati, na binti akahamishiwa shule ya jirani. Milioni mbili zilizobaki ziliingia milango na madirisha. Sitasema kasoro imekwisha. Mama yangu yuko Temeke, na usiku mmoja wa Ramadhani alipougua ilinichukua saa mbili kumfikia. Usiku ule niliujua umbali kuliko ninavyoujua kwa nauli. Alipona, alhamdulillah. Sasa tumemtengea chumba, na kila mwezi anakaa nasi wiki mbili.

Kwa anayetafuta, nausia haya. Nenda wakati wa masika, nenda usiku, nenda na saa ya kwenda kazini. Zungumza na majirani bila dalali. Kama kuna hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Kama haipo, uliza ofisi ya ardhi ya halmashauri eneo limepangiwa nini, kwani muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi wa mauziano, si hati ya kumiliki. Na dalali akikwambia barabara inakuja, nunua kwa bei ya mahali palivyo leo. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, lakini waliotangulia kununua walipanga foleni ya pantoni miaka mingi.

Kisha swali istikhara, na ukishaazimia mtegemee Allah. Istikhara haichukui nafasi ya kuuliza; huja pamoja nayo.

Wabillahi tawfiq.